Maboga ya Darini

Nilipoolewa Werugha, juu kwenye milima ya Taita, nilikuta sheria moja jikoni kwa mama mkwe, na sheria hiyo ndiyo iliyonifanya nimdharau kwa karibu miaka miwili. Boga linaloanza kuoza ndilo linalopikwa kwanza.

Ukiisikia haraka utaona ni jambo la maana. Mimi pia siku ya kwanza niliona hivyo. Lakini hebu ifuate hadi mwisho. Dari imejaa maboga. Moja limeanza kulainika ubavuni. Unalishusha, unakata palipooza, unapika palipobaki, mnakula siku mbili. Siku hizo mbili zikiisha, lingine nalo limelainika. Unalishusha hilo. Yale mazuri yanangoja zamu yao, na zamu ya boga zuri haifiki mpaka liwe bovu. Kwa hiyo katika nyumba ile iliyojaa maboga hadi paa linalia, hatukuwahi kula boga zima hata siku moja. Tulikuwa watu wazima wenye akili zetu, tunakula uozo kwa zamu.

Mimi nilizaliwa Voi, ingawa wazazi wangu wote wawili ni Wadawida, watu wa milima hiyo. Baba alifanya kazi ya reli, tukakaa katika nyumba za wafanyakazi, kwenye joto na lile vumbi jekundu linaloingia mpaka ndani ya chumvi. Kwetu boga lilinunuliwa kipande. Jirani yetu alikuwa mama wa Kiislamu ambaye watu wake walitoka pwani zamani, na yeye ndiye aliyenifundisha kulipika kwa tui la nazi na iliki. Aliniambia, "Mwanangu, boga usilitilie maji, lina maji yake." Nilijua basi boga ni kitu gani likipikwa na mtu anayeliheshimu. Labda ndiyo sababu nilifika Werugha na pua yangu juu. Nilidhani nimetoka mjini. Nikikumbuka mji wenyewe ulivyokuwa wakati huo, stesheni, maduka machache na mbuzi wakilala barabarani, najicheka.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Tulikutana alipokuwa akifundisha Voi. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kola ikasimama, na mfukoni alichomeka kalamu mbili. Baada ya ndoa niligundua moja haikuwa na wino, na haikuwahi kuwa nao. Kila mtu alimwita Mwalimu, nami pia nikamwita hivyo. Ni mama yake peke yake aliyemwita mwanangu.

Alipohamishiwa shule ya kwao alinisifia nyumbani kwao kama mahali pa maziwa na mboga. Hakusema uongo. Maziwa yalikuwepo, kabeji zilikuwepo, karoti na viazi vilikuwepo kwenye matuta yaliyoshuka kama ngazi mpaka bondeni. Ila alasiri kabeji zilipakiwa kwenye lori kwenda Voi na Mombasa, na asubuhi maziwa yalibebwa kwenda kuuzwa. Kilichobaki nyumbani ni kile ambacho mwenye lori hakukitaka, na mwenye lori hakutaka maboga. Alisema yanaziponda kabeji zake.

Mwaka wangu wa pili pale, katikati ya miaka ya sabini, mvua ilinyesha kama iliyosahau kukatika. Maboga yalitambaa kati ya mahindi, yakapanda uani, yakaning'inia kwenye mti wa parachichi. Tuliyabeba siku nne, mama mkwe na mimi, kutoka matuta ya chini hadi jikoni. Mwalimu siku hizo alikuwa na mikutano. Tuliyapanga darini, juu ya meko, ambako moshi huyakausha yakadumu. Yale yenye vikonyo vizima mama mkwe aliyasukuma nyuma kabisa, kwa mikono miwili, taratibu, kama anayelaza watoto. Yaliyovunjika vikonyo aliyaweka mbele karibu na ngazi, kwa sababu hayo ndiyo huanza kuoza.

Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mjane wa siku nyingi, mwenye vidole vigumu kama mizizi. Jumapili alijifunga kitambaa cheupe akaenda kanisani, na siku nyingine zote alikuwa shambani kabla ukungu haujaondoka. Alizungumza nami Kidawida. Nilikielewa vizuri, lakini ulimi wangu ulikuwa umeshazoea Kiswahili cha Voi, nikawa namjibu kwa Kiswahili. Naye alitumia Kiswahili na mimi alipokuwa na jambo zito tu, au alipokasirika, ili nisije nikasingizia kutoelewa.

Kila siku ya pili alipanda ngazi, akaminyaminya maboga ya mbele kwa kidole gumba, akashusha lililokubali kidole. Alinipa kisu. Ukilipasua boga la namna hiyo harufu inayotoka ni ya pombe iliyochacha, na zile nyuzi za ndani zimekuwa ute. Alitaka nikate sehemu mbovu nyembamba kabisa. Mimi nilikata nene. Basi alikuwa akinifuata nyuma, anaviokota vile vipande kwenye taka, anavikwangua tena, anavitia chunguni. Nilimtazama akifanya hivyo huku nikifikiri kwamba mtu anaweza kwenda kanisani maisha yake yote na bado asijue tofauti ya chakula na taka.

Tulilila boga hilo kwa kila njia ya kuificha ladha. Asubuhi lilikuwa ndani ya uji. Mchana lilipondwa pamoja na maharagwe likawa kimanga, na kimanga ni chakula kizuri mno, nimekila katika nyumba nyingine nikaomba tena, lakini cha kwetu kilikuwa na uchungu unaobaki nyuma ya ulimi mpaka jioni. Jioni lilisongwa ndani ya ugali, ugali ukawa na rangi ya kutu. Mbegu zilianikwa kwenye ungo, zikakaangwa, zikatwangwa kuwa mchuzi wa majani. Maganda alipewa ng'ombe. Ng'ombe naye alikuwa akiyanusa kwanza.

Mwalimu alikula vijiko viwili. Kila jioni, vijiko viwili, kisha anasukuma sahani mbele na kuegemea ukuta. Mama yake akimwuliza, anasema kazi ya kufundisha humwondolea mtu hamu ya chakula. Mama mkwe aliumia. Aliniambia tukiwa peke yetu kwamba mtoto wake anajimaliza kwa ajili ya watoto wa watu. Nami nilimwamini. Nilikuwa na mimba ya kwanza, natapika asubuhi na kumeza uozo mchana, halafu usiku namhurumia mwanamume aliyerudi nyumbani akichokonoa meno kwa njiti ya kibiriti. Mtu ambaye hajala anachokonoa nini? Swali hilo halikunijia hata mara moja. Nimewahi kujidharau kwa mambo mengi maishani, lakini hilo ndilo la kwanza kwenye orodha.

Siku moja mama mkwe alikwenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, nikaona nimechoka. Nilipanda ngazi na tumbo langu, nikaingia mpaka nyuma, nikashusha boga moja zuri lenye kikonyo chake. Nililipika kwa mvuke wake lenyewe. Liliiva likawa kavu, la unga, lenye utamu wake bila hata chembe ya sukari. Nilikula nusu. Nusu nilimwekea yeye, kwa sababu nilitaka aonje aone ujinga wake.

Aliporudi hakuonja. Alilitazama, akatazama darini, akajua ni lipi. Aliniambia kwa Kiswahili, "Hili halikuwa la kuliwa."

Nilimwuliza ni la nini kama si la kuliwa. Alikula kimanga cha jana akaenda kukamua ng'ombe.

Jioni nilimsemea kwa Mwalimu. Nilimweleza kila kitu, kuanzia vipande vya taka mpaka uchungu wa nyuma ya ulimi. Alinisikiliza akiwa amefumba macho, njiti mdomoni, kisha akasema mama ni mama, na mimi nivumilie. Alilisema hilo kwa upole wa mtu anayeona anatoa kitu kikubwa. Baadaye nilikuja kujua kwamba uvumilivu wa watu wengine ndio mzigo pekee ambao hakuchoka kuubeba.

Kisha ukaja muhula wa tatu, wakati wa kuwatayarisha wanafunzi wa darasa la saba kwa mtihani. Mwalimu alitangaza kwamba hatakuwa akirudi mchana, hana nafasi, atashinda na njaa mpaka jioni. Alitangaza kama askari anayeaga kwenda vitani. Mama yake alimtazama akiondoka mpaka alipopotelea kwenye ukungu.

Siku chache baadaye aliamka kabla yangu. Nilipoingia jikoni nilikuta ameshapanda na kushuka. Alikuwa amekaa na boga la kijivu, kubwa, kikonyo chake kirefu kama mpini, gumu kiasi kwamba alilipasua kwa panga. Alilipika na maharagwe mapya, akayaponda taratibu, akatia samli aliyoitengeneza mwenyewe kutokana na maziwa ambayo hakuyauza. Nyumba yote ilinukia. Nilisimama mlangoni nikimeza mate kama mbwa, wala sikukaribishwa. Alikijaza kile chakula kwenye bakuli la maua, lile la wageni, akalifunga kwa kitambaa safi, akaniambia nimpelekee Mwalimu shuleni.

"Anakonda," alisema.

Mwalimu hakuwa anakonda. Mwalimu alikuwa amelegeza mkanda tundu moja. Wanawake wawili tulikuwa tukimtazama kila siku na hakuna aliyemwona.

Kutoka kwetu mpaka shuleni ni mwendo wa nusu saa kwa mtu asiye na mimba. Njia ilikuwa imelowa, nilitembea nikishika majani ya kando. Katikati ya njia nilisimama, nikafungua kitambaa, nikachota kwa kidole kimoja. Nilisimama pale kwenye ukungu na kidole mdomoni, nikaelewa kwamba mama mkwe anajua kupika. Alikuwa akijua siku zote. Nilifunga kitambaa nikaendelea, na nilikuwa nimekasirika zaidi kuliko nilipotoka.

Shuleni nilimkuta mwalimu mwenzake mmoja, kijana mpole, akisahihisha madaftari. Nilimwuliza Mwalimu yuko wapi. Alionyesha kwa kalamu upande wa soko, akasema yuko kule kwake. Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia, kule hotelini, mlango wa buluu, mahali pake pa kila siku. Kisha akaliangalia bakuli na akainama kwenye madaftari yake haraka sana.

Hoteli yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati chenye meza tatu. Mwalimu alikuwa amekaa karibu na dirisha, kiti chenye mto. Mbele yake kulikuwa na chapati mbili, nyama ya ng'ombe ya kukaanga yenye mchuzi wa mafuta yanayong'aa, na chai kwenye kikombe ambacho hakikufanana na vikombe vingine. Alikuwa na kikombe chake. Mwenye hoteli, mwanamume mnene mwenye aproni, alinikaribisha kwa furaha, akawaambia wateja kwamba leo Mwalimu ameleta familia.

Mwalimu hakushtuka kama nilivyotaka ashtuke. Alifuta mdomo, akauliza mama ametuma nini. Nikamwambia boga. Alifungua kitambaa, akatazama ndani, akawageukia wale wanaume wa meza ya pili.

"Hawa wanawake watanigeuza ng'ombe," alisema.

Walicheka. Naye alicheka. Kisha alimpa mwenye hoteli bakuli, na mwenye hoteli, bila ubaya wowote, kama anayefanya kazi yake, alikwenda mlangoni kulikokuwa na ndoo ya makombo ya nguruwe wake, akakwangua bakuli lote humo. Alilikwangua vizuri kwa mwiko. Nilitazama lile boga la kijivu na ile samli vikiingia juu ya maganda ya viazi na majani ya chai.

Mwalimu alinivuta kiti. Alisema kwa sauti ya chini, "Mwambie mama nimekula. Mwambie limenipendeza. Ukimwambia vingine utamuumiza bure."

Halafu alikata chapati yake moja katikati, akaichovya kwenye mchuzi, akanipa.

Nikala. Ningependa kuandika kwamba nilimtupia usoni, na nimewahi kuwasimulia watu hivyo, lakini nilikula. Nilikuwa na miezi saba ya mimba, na ilikuwa nyama. Nilikula mpaka nikaramba vidole mbele ya wale wanaume, nikachukua bakuli langu tupu nikaondoka.

Njiani nilipanga uongo wangu. Nilikuwa nimeukubali kabisa. Niliona haunigharimu kitu, na yule mama hakuwa amenifanyia wema wowote wa kunifanya nimchagulie maneno.

Alikuwa akinisubiri uani. Alipokea bakuli, akalifungua, akaona lilivyokwanguliwa safi, akacheka. Ndiyo mara ya kwanza nilipoyaona meno yake ya nyuma. Alisema kumbe mtoto alikuwa na njaa. Alisema basi kesho atamshushia lingine, na kesho kutwa pia, mpaka mtihani uishe, na mimi nitakuwa nikimpelekea.

Nilijiona nikishuka kila siku kwenye ile njia ya utelezi na tumbo langu, kwenda kumlisha nguruwe wa mwanamume mwenye aproni. Uongo ukanikwama. Sikusema kweli kwa kuwa naipenda kweli. Niliisema kwa ajili ya miguu yangu.

"Hakula, Mama. Chakula kimemwagiwa nguruwe."

Nilimweleza hoteli, kiti chenye mto, kikombe, chapati. Nilimweleza neno la ng'ombe pia, na wanaume waliocheka. Alisikiliza akiwa ameshika bakuli kifuani. Nilipomaliza aliniuliza kwa Kiswahili, "Kila siku?"

"Wanasema ni mahali pake pa kila siku."

"Na wewe alikupa nini?"

"Nusu ya chapati. Nilikula."

Alitikisa kichwa kukubali, kana kwamba hilo tu ndilo lililokuwa na maana katika habari yote. Alikwenda kwenye mtungi akaliosha bakuli, akalikausha, akalirudisha mahali pa wageni. Kisha akaingia jikoni. Nilisikia ngazi ikilia, na maboga yakisogezwa darini, yakigongana. Akaniita nipokee. Alinishushia boga kubwa kuliko lote, lililokuwa nyuma kabisa ukutani, lenye vumbi la masizi. Alishuka akakaa kwenye kigoda akishika magoti.

"Mazuri yote yalikuwa yake," alisema. "Nilijua hapendi yaliyooza tangu mdogo. Nikasema sisi tumalize mabovu, mazuri tumwekee yeye, awe anakula mpaka mavuno mengine."

Alilifuta lile boga masizi kwa kiganja. Kisha akasema, "Pika hilo. Pika na zile nazi alizokutumia mama yako."

Mama yangu alikuwa amenitumia nazi mbili kwa basi kutoka Voi, na kwa wiki kadhaa zilikuwa zimekaa pembeni kwa sababu mama mkwe aliziita mafuta ya nywele. Nilizivunja. Mbuzi ya kukunia sikuwa nayo, nikazikwangua kwa kifuniko cha kopo nilichokitoboa kwa msumari. Alikaa akinitazama mwanzo mpaka mwisho. Aliuliza mbona sitii maji. Nikamwambia lina maji yake. Aliguna.

Tulikula mchana ule, wawili tu, tukiwa tumekaa kwenye mkeka, mlango wazi, kazi za shamba zimelala. Alipomaliza bakuli la kwanza alisema limekuwa tamu mno, hiki ni chakula cha watoto wachanga. Kisha akanyoosha mkono nimtilie tena. Alikula mabakuli matatu. Hakuniomba msamaha kwa vipande vya taka, wala mimi sikumwomba kwa mambo niliyokuwa nikimfikiria. Tuliyaacha hivyo.

Mwalimu alirudi jioni, bado kuna mwanga. Mama yake alikuwa amepika mwenyewe. Alikuwa ameshusha boga la mbele, lile lililokubali kidole mpaka ndani, akalikata kwa wembamba wake ule ule, akalipika kwa maji. Alilipakua kwenye bakuli la maua, bakuli la wageni, akaliweka mbele ya mwanawe. Akakaa mkabala naye, mikono mapajani.

Mwalimu alikula vijiko vyake viwili, akasukuma bakuli, akasema ameshiba.

"Kula," mama yake alimwambia. "Hukula mchana. Una mtihani."

Alinitazama. Nilikuwa nikitengeneza utambi wa taa, na kazi hiyo ilihitaji macho yangu yote. Hakuweza kusema amekula. Hakuweza kusema hakula. Alivuta bakuli akaanza upya. Mama yake hakuondoa macho kwake mpaka alipomaliza, kisha akamwongezea, na alipomaliza hilo akamwongezea tena. Alikuwa akimeza kama mtu anayemeza dawa ya minyoo. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Mwisho mama yake aliuliza kama limempendeza. Alisema limempendeza.

Hivyo ndivyo tulivyoyamaliza maboga mabovu ya mwaka ule. Kwa wiki tatu, kila jioni, alikuta bakuli la maua limejaa, na mama yake ameketi. Mchana sisi wawili tulikula mazuri, tukianza na yaliyo nyuma kabisa. Jioni alikula mabovu, akianza na yaliyo mbele. Yeye mwenyewe hakuuliza neno. Angeweza kuuliza. Neno moja tu lingetosha, kwamba mama, nimekosa. Nilikuwa nikilisubiri, na nafikiri mama yake alikuwa akilisubiri zaidi yangu. Lakini kuuliza kungemlazimu kukiri, na alikuwa tayari kula chochote kuliko kukiri. Hoteli hakuiacha. Yule mwalimu mwenzake aliniambia baadaye kwamba alipunguza chapati moja ili apate nafasi ya jioni.

Mabovu yalipoisha mama mkwe alilirudisha bakuli la maua mahali pa wageni. Ila kuanzia wakati huo hakumwita tena mwanangu. Alimwita Mwalimu, kama watu wote. "Mwalimu, umeamkaje. Mwalimu, maji yako ya kuoga tayari." Alimhudumia kwa adabu ile anayohudumiwa mgeni ambaye hujui ataondoka lini. Mwalimu alifurahi. Aliniambia siku moja kwamba mama yake ameanza kumheshimu kama mtu mzima. Nilimtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania. Nikaendelea kukunja nguo.

Mtoto alizaliwa, wa kike, mnene, na bibi yake ndiye aliyekata kitovu kwa sababu ukungu ulizuia gari. Mwaka uliofuata alipanda maboga machache tu ukingoni mwa shamba, na kwenye matuta akazidisha kabeji. Lililooza alipewa ng'ombe bila kukwanguliwa. Hakusema amebadilisha sheria. Alisema mikono imechoka kubeba.

Mwalimu alipopandishwa kuwa mwalimu mkuu alipelekwa upande wa Taveta, tukahamia Njukini, kwenye joto na migomba na wafanyabiashara wanaovuka mpaka na magunia ya maharagwe. Wiki haikwisha kabla hajapata hoteli yake, na kiti chake. Hilo halikuniuma tena. Nilikuwa na shamba langu la mahindi, watoto watatu, na kazi ya kutosha. Nilimpikia, nikamfulia, nikamwacha aongee. Mwanamume wa namna hiyo huhitaji mke wa kumsikiliza kama ambavyo jogoo huhitaji banda la kupandia.

Mama mkwe alipozeeka akaja kukaa nasi. Aliniambia waziwazi kwamba anakuja kwangu. Miaka minne alikaa jikoni kwangu, akichambua maharagwe na kunisema kwamba natia chumvi nyingi, kwamba watoto nimewadekeza, kwamba watu wa Voi hawajui kufagia. Hakupunguza ukali hata siku moja, na sikumwomba apunguze. Mwanawe akiingia alisogeza kigoda chake kumpisha.

Alifariki miaka ya themanini, wakati wa mvua za vuli. Tulimrudisha Werugha, na watu wakajaa matuta yote. Mwalimu alisimama kusema maneno ya familia. Alikuwa na suti, na kalamu zake. Alisema kwamba alilelewa kwa boga. Alisema mama yake alimlisha boga mpaka akawa mtu, na kwamba mpaka leo akionja boga humkumbuka mama, na hakuna chakula cha mjini kinachoweza kulifikia. Sauti ilimkatika. Aliyakausha macho kwa leso. Wanawake wa kanisa walilia, hata mchungaji aliinamisha kichwa.

Nilimchunguza vizuri, kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu. Hakuwa anadanganya. Alikuwa analia machozi ya kweli, na kila neno alikuwa akiliamini. Hapo ndipo nilipojua kwamba kwa miaka yote ile nilimhesabu kuwa mwongo, na kwa hilo nilikuwa nimemkweza. Mwongo walau anakumbuka alichokificha.

Niliinuka nikazunguka nyuma ya nyumba, kwenye masufuria makubwa ya wageni. Wapishi walikuwa wakibishana juu ya wali. Mmoja alinipa mwiko, akaniomba nionje kama chumvi imekolea. Nikaonja, nikawaambia imetosha, waanze kupakua kabla mvua haijashuka.